Karanga Katika Ua wa Kadibodi

Mama hakwenda kwenye maonyesho ili aone maonyesho. Alikwenda kwa sababu aliona foleni.

Hili la foleni inabidi nilieleze, maana wanangu wakinisikia nalisimulia hucheka na kudhani natia chumvi. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka ya Dodoma yalikuwa yameanza kupata vitu tena: sabuni za kunukia, dawa ya meno, vitenge, na sokoni mitumba ilimwagwa chini watu wakaigombania. Vitu vilikuwapo, lakini miguu yetu ilikuwa bado ya miaka ya nyuma, miaka ya kusubiri sukari na khanga kwenye duka la ushirika. Ukiona watu wamesimama mstari, nawe unasimama. Unauliza kinachogawiwa ukiwa umeshapata nafasi yako, maana wanaouliza kwanza hufika dirishani wakaambiwa vimekwisha. Na kama una kazi nyumbani, unaweka jiwe. Jiwe linakupangia foleni, wewe unarudi kukoroga uji. Mama alikuwa na jiwe lake maalumu, jeupe, lenye mstari mwekundu katikati, akalitunza nyuma ya mlango wa jikoni. Mtaa wetu mzima pale Area C ulilijua, na ole wake ambaye angelisogeza.

Siku moja kabla, gari la matangazo lilipita mitaani na kipaza sauti. Wananchi wote walikaribishwa ukumbini kuona nyumba bora kwa ajili ya makao makuu, zilizobuniwa na wasanifu wetu na kupata zawadi. Hakuna kiingilio. Ndivyo lilivyosema, na lilisema vizuri, kila mtu alisikia. Ila sisi hatukuwahi kuitwa kwa kipaza sauti ili tukatazame kitu tu halafu turudi nyumbani mikono mitupu. Kama ni nyumba, basi kuna bati. Kama si bati ni saruji, au walau misumari. Jirani yetu, mama wa Kiislamu wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani wa pale mjini, aliyekuwa akiuza vitumbua na habari kwa pamoja, alisema amezipata kwa mtu wa uhakika kwamba ni bati, tena za geji nzuri.

Asubuhi mama alichukua jiwe, beseni na mimi. Beseni lilikuwa la misumari. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na wakati ule mdomo wangu ulikuwa mkali kuliko akili yangu. Nilimwambia hayo ni maonyesho ya michoro, mama, ni mambo ya wasomi.

"Wewe beba," akanijibu.

Mlango wa ukumbi ulipofunguliwa, foleni ilikuwa imezunguka jengo. Palikuwa na wanawake, wazee wenye fimbo, ndoo, kandambili, vipande vya matofali na mawe, kila kimoja kikiwa na mwenyewe. Kijana mmoja mwenye tai akatokea mlangoni. Alikuwa mmoja wa wasanifu majengo waliotoka Dar es Salaam kuja kuelezea kazi zao, na alipouona umati ule machozi yalimlengalenga. Akasema popote alipopita hajaona wananchi wenye kiu ya usanifu namna hii. Akatupigia makofi. Nasi, kwa kutojua la kufanya, tukajipigia makofi.

Tukaingia. Ukutani palibandikwa ramani za nyumba, na juu ya meza zilipangwa nyumba ndogondogo za kadibodi zenye vimiti vya sponji. Watu walizunguka zile meza wakitafuta mlango wa stoo.

"Mwanangu," jirani akamwuliza yule kijana, "bati ziko wapi?"

"Bati gani, mama?"

"Bati. Hizi mnazogawa."

Kijana alilitazama beseni la mama, akazitazama ndoo, na nadhani ndipo alipoelewa. Namwonea huruma hadi leo. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hakuna kinachogawiwa, haya ni maonyesho, lakini tuwe huru kuuliza maswali.

"Kumbe tumeitwa kutazama vinyumba vya wanasesere!" jirani akasema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nusu ya watu walitoka palepale, wakapitia mawe yao. Mimi nilimvuta mama mkono twende zetu, aibu imenijaa hadi masikioni. Mama hakutikisika. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya katikati, beseni kwapani.

Juu ya meza ile, penye kitambaa cha kijani, palikuwa na nyumba iliyopata zawadi ya kwanza. Ilikuwa fupi, ndefu ya ubavu, paa lake limelala bapa, na vyumba vyake vyote vilizunguka ua mmoja mpana wenye mlango mmoja tu wa kuingilia. Mzee mmoja nyuma yetu alikuwa akimweleza mwenzake kwamba hiyo imewekwa kuwa mfano wa nyumba za zamani, ili watu waone walikotoka na walikofika. Kijana mwenye tai akamwambia kwa adabu kwamba hapana, hiyo ndiyo iliyoshinda. Aliyeibuni alizunguka vijiji vya Ugogo, akaona nyumba za tembe, zile za paa la udongo, akaona jinsi ua unavyokinga upepo na vumbi na jinsi maisha ya watu yanavyouzunguka, ndipo akabuni nyumba ya mji mpya.

Mzee akacheka sana. "Walitutoa kwenye tembe kwa malori. Leo tembe inapewa zawadi?"

Mama hakucheka. Alizaliwa kwenye tembe, huko Nzuguni, wakati Nzuguni ni kijiji cha uwele na karanga na hakuna aliyewaza kwamba mji ungefika huko. Alinisimulia mara nyingi jinsi walivyokuwa wakianika mboga juu ya paa, jinsi ndama walivyolala uani, na jinsi mtu aliyekuwa akiumwa chumba cha mwisho alivyosikia wenzake wakiongea chumba cha kwanza akajua hayuko peke yake. Ilipokuja operesheni ya vijiji, watu wakahamishiwa kwenye nyumba zilizopangwa mstari kando ya barabara, na ile tembe ikaachwa mpaka paa likaanguka. Mama alikuwa ameshaolewa, hakuwapo siku hiyo. Alipokwenda kusalimia, alimkuta mama yake ameketi nje ya nyumba ya mstari, ameikodolea macho barabara. Bibi aliiita nyumba isiyo na tumbo. Aliishi humo miaka yote ile na hakuwahi kuizoea.

Sasa nimwelezee baba, maana bila yeye habari hii haina uzito. Baba alitoka milima ya Upare. Alikuwa karani wa masjala wa serikali, akahamishiwa Dodoma kabla mji haujatangazwa kuwa makao makuu, akampata mama hukuhuku. Alivaa koti. Jua la Dodoma la Oktoba lilipokuwa likipasua ardhi, baba alikuwa ndani ya koti zito la kijivu, vifungo vyote vimefungwa, kwa sababu kwao ni baridi na hakutaka kusahau. Alikuwa na kauli moja aliyoirudia kila mtu alipotaja ujenzi: mtu hujenga atakakozikwa. Kule mlimani alikuwa na msingi wa nyumba. Kila likizo alikwenda kuuona, akarudi na habari zake utadhani ni mtoto aliye shule ya bweni. Siku akistaafu, sote tungepanda mlimani.

Na siku hiyo haikuwa mbali. Nyumba tuliyoishi ilikuwa ya serikali, ya kurudishwa kazi ikiisha. Halafu ndiyo miaka ofisi zilipoanza kupunguza watu, na kila mwisho wa mwezi baba alirudi nyumbani tukamtazama uso kabla ya kumpokea mkoba. Mama alijua kwamba barua ikija, atafungasha vyombo na kupanda mlima kwenda kwa watu asiojua lugha yao. Mlima haukumtisha. Kilichomnyima usingizi ni kwamba yeye ndiye mtoto pekee aliyebaki kwa bibi. Nani angemchotea maji? Mama alitaka kitu kimoja duniani, nyumba Nzuguni yenye ua, mama yake amalizie siku zake humo. Hakuwahi kumwomba baba, maana alijua anachoomba. Mwanamume wa kwao baba, tena kifungua mimba, kujenga ukweni ni kusemwa mpaka wajukuu.

Basi wiki ile ya maonyesho mama alikuwa na safari nyingi za sokoni. Tulitoka na kikapu, tukapita soko, tukajikuta ukumbini. Siku ya pili alisimama mbele ya ile nyumba kama mtu aliyefika kwa ndugu na anangoja kukaribishwa. Kisha akafungua pindo la khanga, alimokuwa akifunga karanga za kutafuna njiani, akamenya moja, akaiweka ndani ya ua wa kadibodi.

"Hapa bibi yako," akaniambia. "Jua la asubuhi limpate miguuni."

Akamenya nyingine. "Hapa mimi, na jiko." Nyingine akaiweka kwenye chumba cha pembeni. Huyo nilikuwa mimi, mwenye kusoma peke yangu bila kelele. Wadogo zangu wawili akawaweka katikati ya ua, wacheze.

Kijana mwenye tai akaja mbio. Palikuwa na kibao kimeandikwa USIGUSE, kikubwa, na mama alijua kusoma.

"Shikamoo mama. Samahani, haturuhusu kugusa."

"Marahaba mwanangu. Sijagusa, nimeweka watu. Nyumba yenu nzuri, lakini haina watu."

Kijana akakuna kichwa, akazitazama zile karanga, akaondoka bila kuziondoa. Kesho yake nilimsikia akiwaonyesha wageni: hapa ni bibi, hapa ni jiko. Wale wageni walikuwa na suti na walitikisa vichwa kwa makini.

Mimi nilikuwa na swali langu. "Na baba je?"

"Baba yako ana kwao," mama akasema, akafunga pindo.

Siri ya namna hiyo haikai Area C. Jioni ya siku ya tatu jirani alileta vitumbua, akamkuta baba barazani na koti lake.

"Shemeji, hongera. Mkeo amejenga."

"Amejenga wapi?"

"Ukumbini. Nyumba nzuri, ina ua. Ila wewe humo hujawekwa."

Baba alicheka, akadhani ni utani, na ulikuwa utani. Lakini baada ya chakula nikaona kijiko chake kinagonga sahani tupu.

"Nasikia una nyumba," akamwambia mama.

"Ninayo."

"Ya tembe."

"Ya kadibodi," mama akasema. "Usiogope, haili saruji yako."

Baba hakupenda hilo. Alisema, kwa ile sauti ya masjala, kwamba alishasema na hatarudia. Halafu akarudia. Mtu hujenga atakakozikwa. Akijenga Nzuguni, azikwe Nzuguni? Baba yake na babu yake wamelala mlimani wanamngoja, yeye alale ukweni, watu waseme ameolewa? Jirani, ambaye hakuwa ameondoka kwa sababu hakuwa mtu wa kuondoka mambo yakinoga, akadakia.

"Nyie watu wa milimani mnanishangaza. Mnajenga nyumba ya kupokelea jeneza. Sasa aliye hai alale wapi?"

"Sijamwambia ajenge," mama akasema taratibu, na akaanza kukusanya sahani.

Jumapili, baada ya ibada, baba alitangaza kwamba tutapitia ukumbini wote, aione hiyo nyumba na maneno yaishe. Alizunguka meza mikono nyuma, kama anayekagua majalada. Akauliza maji ya mvua yanakwenda wapi, paa likiwa bapa. Kijana akamwonyesha mifereji. Baba akatikisa kichwa kwa namna ya kusema, ndiyo, mtasema hivyo. Kisha akainama, akaziona karanga.

"Hizi nini?"

"Ni familia ya huyu mama," kijana akasema kwa furaha. Masikini, hakujua anaongea na nani.

Baba akachungulia. Akaanza kututaja kwa kidole bila kugusa: huyu bibi, huyu mama, huyu mwenye mdomo, hawa wadogo. Akatafuta. Akainama zaidi, akachungulia hadi vyumba vya nyuma.

"Mimi niko wapi?"

Aliuliza akicheka.

"Umesema kwako ni mlimani. Nisingekuweka mahali usipotaka."

Mama hakuwa na hasira hata chembe. Laiti angekuwa nayo, baba angepata pa kushika. Kicheko kikamwisha usoni. Alisimama wima, akafunga kifungo cha juu cha koti katika joto lile, akatoka. Tulipofika nje hatukumwona. Alikuwa ameshaondoka peke yake kwa miguu.

Nilimchukia baba siku hizo, nasema wazi. Nilimwona mtu anayempenda marehemu kuliko walio hai. Nilimtengea chakula bila kumtazama. Na yeye alitoka asubuhi na kurudi jioni, na hakuna aliyetaja nyumba, ya kadibodi wala ya saruji. Hata jirani alileta vitumbua akaondoka mapema.

Siku ya mwisho ya maonyesho mama aliniambia twende tukawachukue watu wetu. Alisema hawezi kuwaacha wafungiwe sandukuni na kupelekwa Dar es Salaam. Tulikuta vijana wakibandua ramani ukutani na kukunja vitambaa. Ile nyumba ilikuwa bado mezani. Mama aliinama, halafu akaganda.

Karanga zilikuwa zimeongezeka. Ndani ya ua, kando ya mlango wa kuingilia, ilikuwapo moja ambayo hatukuiweka sisi. Ilikuwa na ganda lake.

"Kuna mzee alikuja mchana, peke yake," kijana mwenye tai akasema. "Yule mwenye koti. Alisimama hapa sana. Akaniuliza kivuli cha jioni kinaangukia upande gani wa ua. Nikamwonyesha ni hapo mlangoni."

Mama alituokota mmoja mmoja, akatuweka kwenye pindo la khanga. Ile yenye ganda aliichukua mwisho, akaikalisha kiganjani.

"Hata kwenye karanga baba hajavua koti," nikasema.

Mama alicheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile, hadi akaushika ukingo wa meza. Kijana naye akacheka bila kujua sababu. Tulitoka pale tukiwa tumesahau kununua mboga, tukala ugali kwa maziwa.

Baba hakuuliza kama tumekwenda, mama hakumwambia. Ila usiku ule alimpa baba kipande cha pekee cha nyama kilichobaki jana, na baba akakigawa, akamrudishia nusu. Wiki zikapita. Nilianza kudhani kwamba mambo yameishia kwenye ile karanga.

Jioni moja, tukiwa bado kwenye mkeka, baba alifuta mikono akasema kwamba amekwenda Nzuguni kuongea na wazee. Amepata kiwanja karibu na kwa bibi. Amenunua, hakupewa, hilo watu walijue, hataki maneno.

"Nitajenga pale," akasema.

Wadogo zangu walipiga makofi na kuruka. Mimi nilimtazama mama, nikingoja apige vigelegele, maana vigelegele vyake vilikuwa vinafika mitaa mitatu. Mama aliweka bakuli chini. Akajifunika uso kwa khanga, akalia. Alilia kama watu wanavyolia msibani, na mdogo wangu wa mwisho akamvuta nguo akimwuliza, mama kwani nini, si tumepata nyumba? Baba hakumbembeleza wala hakuondoka. Alikaa palepale, mikono juu ya magoti.

Nilielewa nikiwa uani naosha vyombo. Tulikuwa tumeisikia kauli ya baba kiasi kwamba hatukuisikia tena. Mtu hujenga atakakozikwa. Mama peke yake ndiye aliyesikia yote aliyoambiwa jioni ile. Nilikaa na sufuria mkononi, nikiionea haya ile chuki ya siku zile.

Nyumba ya kadibodi haikujengwa popote, kwa ninavyojua. Nimeishi Dodoma hadi leo, nimeona majengo ya vioo yakiota penye mashamba ya uwele, na nimeona picha nyingi za nyumba zilizopata zawadi, lakini ile sijaiona. Ya mama ndiyo iliyojengwa. Aliichora kwa fimbo ardhini, kwa kukumbuka, na fundi akaizungushia kamba. Paa halikuwa bapa. Baba alikataa katakata kulala chini ya udongo kabla ya wakati wake, akapiga bati, na hizo bati tulizipangia foleni ya kweli. Lakini ua ulikuwapo, mpana, vyumba vikiuzunguka, na mlango mmoja.

Siku ya kuhamia, bibi aliingizwa wa kwanza. Alisimama katikati ya ua na fimbo yake, akageuka taratibu upande huu na huu. "Mbukwenyi," akasema, kwa Kigogo, kama anayewasalimu watu waliokuwamo tangu zamani. Kisha akatafuta jua, akaketi, akanyoosha miguu. "Hii ina tumbo," akatuambia.

Barua ya baba ya kupunguzwa kazi ilikuja baadaye, na haikutukuta uchi. Alirudisha funguo za Area C, akahamishia kigoda chake Nzuguni, kando ya mlango kwa ndani. Kila alasiri kivuli kilimkuta pale na koti lake. Wapita njia walimwita kupitia mlangoni, "Hodi mzee wa baridi!" naye akawajibu karibu kabla hawajamaliza. Jirani yetu wa vitumbua alikuja kwa miguu kutoka mjini kumtania. Nikizikumbuka alasiri zile, harufu ya karanga zinazokaangwa na bibi akikoroma juani, natamani nirudi nikae hata saa moja tu, nisiseme neno, mimi mwenye mdomo.

Bibi alitangulia. Baba alimfuata baada ya miaka michache, msimu wa mvua, usingizini.

Baba mdogo, mdogo wake wa kumfuata, alishuka kutoka Upare na wazee wa ukoo katika pikapu. Walikuja kumchukua. Walituambia kaburi limeshachimbwa, kando ya babu. Mama aliwapa chai. Mke habishani na ukoo juu ya maiti, na mama hakubishana. Alipita na birika, akamjazia kila mmoja kikombe. Nami nilikuwa mtu mzima sasa, mwenye watoto, na mdomo ule ule. Nilipoufungua, mama aliniwekea mkono begani, nikaufumba.

Baba mdogo alikuwa hajaketi tangu afike. Alitafuta mahali, akakiona kigoda kando ya mlango, akakikalia. Ilikuwa alasiri. Kivuli kilikuwa kimeshafika pale. Akautazama ua, akatazama vyumba kimoja baada ya kingine, akatazama bati.

"Shemeji, hii alijenga nani?"

"Kaka yako."

"Yote?"

"Yote."

Akatikisa kichwa. "Kule mlimani msingi wake umeota majani. Kila mwaka naufyeka, namngoja." Akawageukia wazee. "Kaka alikuwa akitufundisha nini, sisi wadogo zake, habari ya mtu na nyumba?"

Wazee wa ukoo walitazama vikombe vyao. Nje, dereva alikuwa ameshawasha gari, lisije likawa zito kuwaka kwa unyevu wa mvua ya usiku.

"Mwambieni azime," baba mdogo akasema.

Akainuka. Naye alikuwa na koti, zito, la kijivu, limefungwa hadi shingoni. Akafungua vifungo, kimoja kimoja, akalivua, akalitundika kwenye msumari wa mlango, akamwomba mama jembe.